Nyaya za Kobe na Mafundo ya Mama

4 Mei

Mwanangu Cheche,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa. Mimi ni mzima. Mama yako naye ni mzima, bado yuko kwa mdogo wako anamsaidia kulea mtoto, na atarudi tarehe thelathini ya mwezi ujao. Mgonjwa ni Kobe.

Usicheke. Najua wewe na kaka yako ndio mliolipachika lori langu jina hilo kwa dharau, mkiwa mmekaa nyuma juu ya mizigo ya watu, lakini ni Kobe huyo huyo aliyewasomesha. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili. Kioo cha mbele kinavuja ile kona ya abiria, unapajua, na miaka yote maji yalikuwa yanaangukia miguu ya mama yako, naye alikuwa anaweka kitambaa. Safari hii hakuwepo. Maji yakaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya injini. Nilipogeuza ufunguo taa zote ziliwaka kwa pamoja, ikatoka harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na kuanzia hapo ni kimya.

Kaka yako amekuja na jibu kabla sijauliza swali. Anataka Kobe auzwe chuma chakavu. Amemleta na mnunuzi kabisa, yule bwana anayetembea na mizani begani hadi sote tunamwita Mizani. Mizani akamzunguka Kobe akimgonga mlango kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Nilitaka kumgonga yeye. Tumebishana, tumekunywa chai, tumekubaliana. Siku mama yako anarudi, Kobe akiweza kwenda kumpokea stendi kwa miguu yake mwenyewe, hakuna atakayetamka tena neno chakavu katika nyumba hii. Asipoweza, Mizani anamchukua siku hiyo hiyo.

Kompyuta kama ile haipatikani tena. Nimepata nyingine, ya lori lenye injini hii hii lakini lililozaliwa miaka minne baadaye. Tatizo ni kwamba ya zamani ina soketi tatu na hii mpya ina mbili, na nyaya hazijui ziingie wapi. Wewe ndiye fundi umeme wa magari katika ukoo huu. Niandikie waya gani uende tundu gani. Mikono ninayo.

Niandikie, nimesema. Simu sitaki. Simu yangu ni kitochi, na wewe kwenye simu unaongea kama dalali mnadani. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi, ananifahamu, na siku ya pili itakuwa mkononi mwangu.

Baba yako


10 Mei

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako, kwa Kobe, na kwa hicho kitambaa ambacho katika miaka yote hukujifunza kukiweka mwenyewe.

Nimeketi na michoro miwili ya nyaya hapa karakana, wa boksi la kompyuta la zamani na wa jipya. Inawezekana. Injini ni ile ile na sensa zinazoipima ni zile zile, kilichobadilika ni milango tu. Ni kama familia imehamia nyumba mpya na kila mmoja anatafuta chumba chake. Kazi yetu ni kumwonyesha kila mmoja chumba bila watu kugongana koridoni.

Nimeambatanisha karatasi. Kushoto ni rangi ya waya wa Kobe, kulia ni tundu lake kwenye soketi mpya. Nyaya nyingi hazina madhara ukikosea, gari litakataa tu kuwaka. Wa kuogopwa ni wawili. Waya mwekundu mnene unaleta moto wa betri muda wote, na waya wa kijani mnene unarudisha umeme kwenye bodi. Waliolitengeneza lori hili walichagua kijani kwa waya wa bodi, sijui walikuwa wanafikiria nini. Ukiwabadilisha hao wawili, kompyuta inakufa, na nyingine hatuna.

Kabla hujakata chochote, nifanyie jambo moja. Soketi mpya imekuja na mkia wa nyaya zake, na huenda rangi za mkia huo si za mchoro wangu. Niandikie rangi za nyaya nane za safu ya juu, kuanzia kushoto. Ni kazi ya dakika tano. Bila hiyo siwezi kuendelea.

Na tafadhali soma barua mpaka mwisho kabla ya kushika koleo. Sijasahau viatu vya darasa la kwanza. Niliomba vyekundu, nikarudia mara tatu, ukaja na vya kijani. Wewe Baba huwa unasikiliza nusu.

Wako,
Cheche


19 Mei

Cheche,

Mambo ya viatu tuliyamaliza. Mtu mzima, una cheti cha ufundi kimetundikwa ukutani, bado unalilia viatu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu haraka haraka haina baraka. Rangi zako hizi hapa, kuanzia kushoto. Wa kwanza ni damu ya mzee. Wa pili ni ugoro. Wa tatu ni samawati mpauko, na wa nne ni samawati tena lakini yenye huzuni kidogo. Wa tano ni kijani cha chupa. Wa sita ni manjano ya kiini cha yai la kienyeji, si la dukani. Wa saba ni kutu. Wa nane ni maziwa yaliyolala. Unaona? Hata wewe fundi hukujua kwamba waya una maelezo mengi kiasi hicho.

Mizani alipita juzi. Alisimama getini akamtazama Kobe kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa huku anapima urefu wa kitanda. Nimemfungia geti, akaniaga kwa heshima zote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Wakati nakusubiri nimeanza na nyaya ndogo ndogo, ile ya sensa ya joto na ile ya pampu ya mafuta. Kila kiungo nimekilehemu na kukivisha mpira. Ungekiona ungejua ulirithi wapi mikono yako.

Baba yako


24 Mei

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima. Fundi rangi wetu ameomba nakala.

Sasa tuongee. Nimekuwa binti yako miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yote nimekusikia ukitaja rangi tatu tu, iliyokoza, isiyokoza, na "ile pale." Kwenye harusi ya mdogo wangu uliulizwa maua yalikuwa ya rangi gani, ukajibu yalikuwa mengi. Leo unaniandikia samawati yenye huzuni. Baba, nani anakufundisha?

Nauliza kwa sababu Kaka amenipigia. Anasema umeonekana ukiingia duka la vitambaa mara tatu kwa siku, umefumba kiganja, na ukitoka unatabasamu peke yako. Anasema muuza vitambaa mwenyewe anacheka mpaka anashika meza. Mama hata mwezi mmoja na nusu hajamaliza huko aliko. Mimi sisemi kitu. Naandika nilichosikia.

Turudi kwa Kobe. Ugoro na kutu havimo kwenye mchoro wangu, na nyaya za kijani zinatakiwa ziwe mbili, wewe umenipa moja. Hizo ni rangi za magauni, si za nyaya. Mwombe mtu yeyote mwenye simu ya maana aipige picha hiyo soketi anitumie, nami namaliza kazi siku hiyo hiyo. Sielewi kwa nini hutaki picha.

Mpaka hapo, nyaya nene usiziguse.

Cheche


29 Mei

Cheche,

Kwa umri huu nahukumiwa na mtoto niliyemfundisha kutembea. Nilikuwa naenda kuchagua mapazia. Mama yako akirudi akute mapazia mapya, kosa liko wapi? Na muuza vitambaa anacheka kwa sababu ana meno mazuri.

Picha hapana. Siwezi kuanika matumbo ya Kobe kwenye simu za watu, kesho yamfikie Mizani.

Nimechoka na ngoja-ngoja yako. Siku zinakwisha. Nyaya zile mbili nene nimeziunganisha jana mwenyewe, mwekundu kwa mwekundu, kijani kwa kijani. Nimezitazama juani kwa muda mrefu sana, kisha nikazitazama kivulini. Nimeendesha malori miaka thelathini na minane. Sishindwi na nyaya mbili. Jumapili nafunga betri.

Baba yako,
Dereva


31 Mei

Baba,

Umezima simu. Nimepiga mara kumi na mbili. Kaka yuko safarini.

Usifunge betri. Ukishindwa kabisa kujizuia, weka kwanza fyuzi ndogo kuliko zote ulizonazo, njiani kati ya betri na boksi. Ndogo kabisa. Barua hii nampa dereva mkononi na nimemwapisha akuletee kabla hajanywa hata maji.

Cheche


2 Juni

Cheche,

Dereva alinikuta nimeshika spana ya betri. Nikaweka fyuzi ndogo, kwa kukuridhisha tu.

Imekatika. Hata ufunguo sijagusa. Nikaweka ya pili, nayo ikakatika.

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa Kobe kwa muda mrefu. Sijui kama hiyo kompyuta ni nzima au nimeiua. Nimempa dereva boksi jipya, boksi la zamani na mikia yote, nimeikata pamoja na viungo vyangu, akuletee. Fanya unavyojua. Kaka yako usimwambie, ataniuliza nilikosea nini.

Mapazia yamefika. Nimeambiwa ni mazuri.

Baba


4 Juni

Shikamoo Mama,

Nibebee mtoto, umnuse na kwa niaba yangu. Nakuandikia wewe kwa sababu sijui tena nimwandikie nini Baba.

La kwanza nauliza kama binti yako, si kama mpelelezi. Huyu muuza vitambaa ni nani?

La pili ndilo linaloninyima raha. Kobe asipowaka siku unayorudi anakwenda kwa Mizani, hilo unalijua. Leo nimefungua viungo vya Baba. Vimelehemiwa safi kuliko vyangu, vimevishwa mpira, vimepangwa kwa mstari. Na kwa ustadi wote huo, waya mwekundu ameuunganisha na wa kijani, na wa kijani na mwekundu. Kompyuta imeponea kwenye fyuzi. Angekuwa mtu mzembe ningekasirika na kumaliza. Baba si mzembe. Mtu anayehesabu mara mbili mifuko ya mteja na kamba za kufungia mzigo anakoseaje rangi mbili ambazo hata mtoto anazijua? Naanza kuogopa kwamba Kaka yuko sahihi, kwamba Baba amezeeka na sisi hatutaki kuona.

Niambie ukweli, Mama.

Cheche


8 Juni

Cheche mwanangu,

Marahaba. Mtoto anakula na kulala, amemfuata babu yake.

Muuza vitambaa ni rafiki yangu. Mimi ndiye niliyemwomba, kabla sijaondoka, amtazame baba yako kila asubuhi na kumrudisha ndani akiwa amevaa vibaya. Anacheka sana kwa sababu kazi yenyewe inachekesha. Wiki ya kwanza alimrudisha mara nne.

Hilo la pili, baba yako aliniapisha siku tulipooana kwamba sitalisema kwa mtu, na sitalisema. Mimi nakuuliza tu. Ulipokuwa unaanua nguo utotoni, ulikuta uzi umeshonwa ndani ya kola za mashati ya baba yako, mengine una fundo moja, mengine mawili, mengine matatu. Suruali zake hivyo hivyo, kiunoni. Ukaniuliza, nikakuambia ni alama za fundi cherehani. Fundi cherehani wa nyumba ile ni mimi, na sina haja ya kujiwekea alama.

Fundo moja huvaliwa na fundo moja. Mawili na mawili. Na baba yako hajazeeka, alikuwa hivyo nilipomkuta ana miaka ishirini na mitatu na kiburi cha jogoo.

Sasa fikiri tena kuhusu viatu vyako.

Mama yako


15 Juni

Shikamoo Baba,

Kompyuta ni nzima. Nimeipima mara mbili, kwa hiyo lala salama. Sote hapa tumewahi kukata fyuzi, mimi mwaka jana nilikata kumi na moja kwa wiki moja na basi lenyewe lilikuwa jipya.

Furushi hili lina kipande cha kati nilichokutengenezea. Nimeng'oa soketi za boksi la zamani lililokufa nikaziunganisha na mikia ya boksi jipya. Upande mmoja unaingia kwa Kobe, upande mwingine unaingia kwenye boksi jipya, hakuna kukata. Ila soketi ya tatu imeliwa na maji na haifai kabisa. Nyaya nane za hapo nimekuachia uziunganishe mwenyewe. Viungo vyako ni vizuri kuliko vyangu, na sitaki Kaka aseme Kobe ametengenezwa na binti peke yake.

Utaona kwamba nyaya zangu zote ni nyeupe. Karakana imeishiwa rangi nyingine. Na hata hivyo siku hizi sisi mafundi hatuziamini rangi, waya ukikaa na mafuta miaka ishirini rangi inadanganya mtu yeyote. Kwa hiyo kila waya nimeufunga uzi wenye mafundo. Wewe ishike soketi ya tatu iliyobaki upande wa Kobe, kibanio chake kikiwa juu. Hesabu matundu sita madogo kuanzia kushoto. Waya wa tundu la kwanza ufunge uzi wenye fundo moja, wa pili mafundo mawili, mpaka sita. Kisha unganisha fundo moja kwa fundo moja, mawili kwa mawili.

Zile mbili nene ulizokwisha kuzikata usizitazame hata kidogo. Chukua balbu ya taa ya nyuma yenye waya mbili. Waya mmoja wa balbu ubane kwenye chuma cha bodi, betri ikiwa imefungwa na boksi halijachomekwa. Mwingine gusa waya wa kwanza mnene, kisha wa pili. Unaowasha balbu ndio wa moto, ufunge mafundo saba. Usiowasha ndio wa bodi, ufunge mafundo nane. Fungua betri, ndipo uunganishe.

Boksi lenyewe usilirudishe pale linapovuja. Lifunge juu, nyuma ya kiti cha dereva.

Mapazia nitayaona nikija. Msalimie muuza vitambaa, na mwambie namwomba radhi, yeye atajua ni kwa nini.

Cheche


1 Julai

Mwanangu Cheche,

Nilifungua furushi lako kwenye meza ya chakula. Nikaona uzi. Nikahesabu fundo moja, mawili, matatu, na nikajua kidole gani kilimfundisha aliyeyafunga. Nikalifunga furushi, nikatoka nje, nikamzunguka Kobe mara moja, nikarudi ndani, nikalifungua tena. Karakana inayounda mabasi imeishiwa rangi, imebakiwa na nyeupe. Mwanangu, uongo hukuurithi kwangu.

Kazi ilinichukua siku tatu. Niliifanya peke yangu na sikwenda dukani hata mara moja. Nilihesabu, nikafunga mafundo, nikalehemu. Balbu ilipowaka kwenye ule waya mnene nilicheka kwa sauti, kwa sababu mwanga ni kitu ninachokiona vizuri kama mtu mwingine yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu Kobe augue sikuwa nabahatisha.

Jana asubuhi walikuja wote wawili, kaka yako amevaa saa, Mizani amebeba mizani. Niligeuza ufunguo. Kimya. Mizani akaishusha mizani begani. Nikageuza tena, Kobe akakohoa mara moja akanyamaza, na kaka yako akanishika mkono akasema Baba, inatosha. Nikamwambia aondoe mkono. Ndipo nikakumbuka umenifundisha kusoma barua mpaka mwisho, na kwenye ile karatasi yako ya kwanza ya rangi, chini kabisa, umeandika nisubiri taa ndogo ya dashibodi izime kwanza. Nikasubiri. Ikazima. Nikageuza, na Kobe akawaka, akatetemesha madirisha ya jirani, akatoa moshi ulioficha Mizani mzima pamoja na mizani yake. Moshi ulipopungua alikuwa bado amesimama pale pale, anapiga makofi. Si mtu mbaya yule. Tulikwenda naye stendi, akapima mabegi ya mama yako moja moja na kumtangazia uzito wake mbele ya abiria wote. Mama yako amesema hajapata kudhalilishwa vizuri namna ile.

Kitambaa cha pale panapovuja nimekiweka mwenyewe.

Sasa nikuambie, maana umenisitiri vya kutosha. Kwangu mimi nyekundu na kijani ni kitu kimoja, rangi ya majani makavu. Nilizaliwa hivyo. Taa za barabarani nazijua kwa mahali, ya juu simama, ya chini nenda, na tangu ujana nilificha nikiogopa kuambiwa siwezi kuwa dereva. Baadaye nikaficha kwa mazoea. Wewe uliponiomba rangi za nyaya nilikuwa nakata vipande vidogo vya ganda la waya, navipeleka kwa rafiki ya mama yako, ananitajia, nami naandika mkononi. Ndiyo maana sikutaka simu. Kwenye simu ungeniuliza na kusubiri jibu, na jibu lilikuwa duka la tatu kutoka kwetu. Zile mbili nene niliona aibu kwenda kuuliza tena, baada ya barua yako ile ya utani. Nikajifanya naona.

Na viatu. Dukani kulikuwa na jozi mbili za mguu wako. Muuzaji alikuwa na wateja wengi, akaniambia vyekundu ni hivyo hapo, akaonyesha kwa kidevu. Nilikusikia, Cheche. Nilisikia mara zote tatu. Nilikuja navyo nyumbani karibu nakimbia. Uliposema hivi si vyekundu ningeweza kukuambia tu kwamba baba yako haoni rangi hiyo, na ungeelewa, ulikuwa mtoto mwelewa. Badala yake nikakugombeza kwamba wenzako wanatembea peku. Nimekuwa na majuto hayo miaka ishirini na minne. Nisamehe.

Kaka yako nimemwambia pia, mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Akauliza kama ndiyo sababu niliivaa ile suti yenye rangi ya kuchekesha kwenye harusi yake. Nikasema ndiyo. Amecheka mpaka akakaa chini.

Kobe anataka rangi mpya, mlango wote umechubuka kwa vidole vya Mizani. Mama yako anasema hivi, rafiki yake anasema vile, wamejaza sebule vipande vya vitambaa. Nimewaambia wakae kimya, rangi atachagua fundi.

Baba yako


5 Julai

Shikamoo Baba,

Barua hii sikuisoma kwa sauti karakana. Niliisoma nyuma ya basi lisilo na viti, nikalia kidogo, kisha nikafika kwenye suti ya Kaka nikacheka mpaka fundi rangi akaja kutazama kuna nini.

Hakuna cha kusamehe. Na kuna jambo ambalo na mimi sikuwahi kukuambia. Vile viatu nilivivaa. Nilivivaa mpaka kidole gumba kikachungulia nje, Mama akavishona, nikavivaa tena. Vilikuwa vizuri kuliko vya darasa zima. Nilikuwa nanuna ukinitazama tu, kwa sababu nilidhani hukunisikia, na nilitaka siku moja unisikie.

Nakuja mwisho wa mwezi. Unipokee stendi na Kobe, nikae upande unaovuja.

Kuhusu rangi, mpake kijani. Kijani kile cha viatu, Mama anakikumbuka, na rafiki yake atakitafutia jina. Wewe ukitaka mwite mwekundu, mimi nimwone wa kijani, na safari hii kila mtu atakuwa amepata alichoomba.

Binti yako,
Cheche